Tabia Yake Bado Hatuijui

Mtaa wa Mapendo, Goma, tarehe 2 mwezi wa sita

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shangazi Victoire. Kifua chako kimepoa? Mvua ya huko Rutshuru imewaachia maharage?

Majibu ya kile kipande walichonikata mgongoni yamefika. Daktari Akonkwa alinichorea kwenye karatasi: uvimbe umeota ndani ya uboho wa mgongo, pale zinapopita nyuzi za kuendesha miguu. Nikamuuliza kama ni kansa. Akasema: “Haiko kansa ya wazi, haiko pia kitu ya kuacha. Tabia yake bado hatuijue.” Huenda ukatulia miaka, huenda ukakua. Watauangalia kwa picha. Ila mguu ukianza kulegea nisimalize wiki bila kumwona, maana kinachopotea huko mara nyingi hakirudi. Naogopa, Papa. Benny sijamwambia.

Binti yako, Umwiza

Rutshuru, tarehe 9 mwezi wa sita

Binti yangu,

Mimi mzima, nakohoa asubuhi tu. Unalala vizuri? Shangazi yako hajambo?

Ugonjwa ambao daktari mwenyewe haujui, sisi tutautangazaje? Muzee Édouard, baba yake Benny, alileta pombe ya kukuomba, tukainywa, na mahari ni tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Wakisikia habari za mgongo watasema hutazaa. Tulia. Baada ya sherehe utatibiwa utakavyo. Na usiandike tena neno uvimbe. Huyu mwenye pikipiki anayebeba barua zetu anajua kusoma, na mdomo anao.

Baba yako, Ntirenganya

Goma, tarehe 1 mwezi wa saba

Papa,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi siwezi kusema sijambo.

Jumamosi nilifika sokoni na kandambili moja. Ya kushoto ilichomoka njiani nami sikusikia. Watu walicheka, nikacheka nao, kisha nikaenda kulia kwa shangazi. Picha mpya inaonyesha uvimbe umekua. Daktari anataka kunipasua tarehe kumi na mbili. Baada ya kupasuliwa naweza kuamka nikiwa siwezi kutembea kabisa. Lakini nikingoja mahari, wageni watanikuta nimebebwa. Hospitali inataka sahihi ya mtu wa familia, na shangazi amekataa, anasema baba yupo hai. Nimekukasirikia, Papa, lakini njoo.

Binti yako, Umwiza

Goma, tarehe 8 mwezi wa saba

Papa,

Pikipiki imekuja mara mbili bila neno lako. Zimebaki siku nne. Sasa nikipanda kitandani, mguu nauinua kwa mikono. Umenyamaza kwa nini?

Umwiza

Rutshuru, tarehe 10 mwezi wa saba

Mutoto wangu,

Sikuulizi habari, ninaijua.

Msichana aliyekwisha kuombwa na pombe ikanywewa, baba hamtilii sahihi peke yake. Ni wa nyumba mbili. Kwa hiyo nilikwenda kwa muzee Édouard na ndugu zake nikawaeleza yote, na neno uvimbe nikalitaja mwenyewe. Walishauriana siku tatu. Ndugu zake wakauliza kama utapona. Nikajibu kwamba hata daktari hajui. Wakasema basi mahari isimame. Benny aliinamisha kichwa.

Nimekuvunjia ndoa, tena nimekuchelewesha mwezi mzima kwa aibu yangu. Usinisamehe upesi. Kesho nafika kutia sahihi, hata kwa miguu.

Baba yako

Goma, hospitalini, tarehe 14 mwezi wa saba, mchana

Papa,

Umelala kwenye kiti na koti lako, sitaki kukuamsha, ndiyo maana nakuandikia. Umekula lakini?

Vidole vya mguu wa kulia vinacheza. Vya kushoto bado. Daktari ameondoa alichoweza. Sehemu iliyoshikamana na uboho ameiacha, na tabia yake hata sasa hawaijui. Kila miezi sita watanipiga picha. Hayo nimeyapokea.

Benny yuko nje ya mlango tangu asubuhi. Amekuja bila baba yake na bila ndugu za baba yake. Haingii kwa sababu anakuogopa wewe. Ukiamka, mwite.

Binti yako, Umwiza