Kichwa cha Tausi

Baba watoto,

Nawahi kazini. Chai iko kwenye chupa. Pasi usiiguse, hata kuisogeza.

Asubuhi nilikuambia, rangi ya akriliki kwenye gauni la binti yako imekauka, ligeuze, ulipige pasi kwa nyuma ili rangi ishike. Kwa nyuma ni upande wa ndani wa kitambaa, mume wangu! Wewe ukapiga mgongo wa gauni, juu ya tausi niliyemchora, pasi inawaka. Kichwa chote kikang'ang'ania pasi. Kisha bila kutazama ukapiga na shati lako jeupe, ukarudi kulala. Kichwa si cha kufugia nywele tu!

Mtoto ameenda shule macho mekundu. "Mama, jioni nitaimbaje kwenye tamasha la shule na ndege hana kichwa?" Rangi ya buluu imeisha, na duka leo halifunguliwi.

~~Jioni usije.~~

Njoo. Kichwa kiko kifuani mwa shati lako, na jicho lake. Vaa hilohilo, kaa kiti cha mbele, ndege wa mwanao atimie.

Mkeo (bado)