Slaidi Tatu za Wifi

Jumatatu, 2 Juni

Slaidi arobaini na mbili za damu kabla ya chai. Mgongo unalalamika, macho bado yako kazini. Mkuu wa maabara kasema mbele ya watu kwamba mdudu wa malaria akinipita mimi, basi hayupo. Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana!

Saa nne wifi alivuka barabara kutoka shuleni kwake. Anafundisha hesabu, na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa nne hana kipindi. Mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Analalamika uchovu, kichwa, vibaridi vya kuja na kuondoka. Nikamtoboa kidole pale pale, bila foleni — undugu nao una faida zake. Vipimo vya haraka vimeisha stoo tangu mwezi jana, wala sivililii, mimi na darubini yangu tunatosha. Tone nene la damu, rangi, mafuta, sehemu mia mbili za slaidi nikazipitia moja moja. Safi.

Jioni kaka kapiga simu kuuliza habari za mkewe. Nikamwambia mzima, anadeka tu. Tukacheka.

Jumatano, 4 Juni

Wifi tena, saa nne kamili. Kaja na chaki kwenye nywele, hajui, nami sikumwambia. Anasema juzi alipotoka kwangu, kufika saa tisa akatetemeka mbele ya darasa mpaka wanafunzi wakamfungia madirisha. Nikamtania kwamba anaogopa sindano yangu.

Slaidi safi. Damu yenyewe imepungua kidogo, lakini wajawazito wangapi hawako hivyo? Nikamwambia ale vizuri na asisahau vidonge vyake vya damu.

Alitaka kuomba likizo ya wiki moja. Kaka kamkatalia — eti maabara imeshasema hana kitu, aache visingizio. Maabara ndiyo mimi. Nilijisikia mtu mkubwa kidogo, nakiri.

Alhamisi, 5 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu kuwapa wauguzi mada ya mchana. Nilichagua ninachokipenda: jinsi kimelea cha malaria kinavyouchezea shere mwili. Nilikuwa moto!

Nikawaambia kwanza hakai kwenye damu ovyo ovyo, anajifungia ndani ya chembe nyekundu, na askari wa mwili wanapita nje bila habari. Lakini chembe yenye mgeni huchakaa, na bandama kazi yake ni kuchuja chembe chakavu. Sasa bwana huyu anafanyaje? Akishakomaa anatoa vinundu juu ya chembe, ananata ukutani kwenye mishipa midogo, hapiti kwenye bandama kabisa. Siku ya kwanza akiwa mchanga anazunguka na damu. Siku ya pili kajificha. Kisha chembe zinapasuka, homa inapanda, watoto wake wanaingia chembe mpya, na mambo yanaanza upya. Saa arobaini na nane, mzunguko umekamilika.

Na hivyo vinundu ndivyo askari wanavyomtambulia. Ndiyo maana anabadilisha. Ana mitindo kama sitini, anavaa mmoja mmoja. Mwili ukishaizoea sura hii, yeye kesho ana sura nyingine. Muuguzi wa meno akasema anamjua mwanaume wa hivyo. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Nikamalizia na kondo la nyuma. Mwanamke anaweza kuugua malaria tangu utotoni, mwili wake ukazizoea sura nyingi. Akibeba mimba ya kwanza, kimelea kinapata ukuta mpya wa kunata, kwa sura ambayo mwili huo haujawahi kuiona. Mama anaweza asionekane mgonjwa sana, huku mtoto ananyimwa chakula na hewa.

Mkunga mkuu, yule asiyecheka, aliuliza swali moja: ikiwa siku moja yuko nje na siku moja kajificha, mgonjwa mnampima lini? Nikajibu kwa madaha kwamba tunarudia kipimo, mara tatu, kwa kuruka siku moja moja. Wakapiga makofi.

Ijumaa, 6 Juni

Wifi, saa nne. Slaidi ya tatu, safi. Hakutaniana nami leo. Alisema tu, "Haya," akachukua mkoba wake, akavuka barabara polepole akiwa kashika kiuno.

Sikupenda alivyotembea. Lakini tatu ni tatu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika koridoni, wodi ya wazazi. Mikono inataka kazi.

Asubuhi nilikuwa najaza ripoti ya wiki. Jina la wifi, Jumatatu, saa nne, hakuna vimelea. Jumatano, saa nne, hakuna vimelea. Ijumaa, saa nne, hakuna. Kalamu ikasimama. Saa arobaini na nane, na tena arobaini na nane! Nilimvizia mdudu mara tatu, na mara zote tatu katika saa ileile aliyokuwa amejificha. Halafu Alhamisi nikasimama mbele ya watu nikalieleza jambo lenyewe kwa raha zangu, nikapigiwa makofi. Mjinga mimi. Mjinga mwenye darubini.

Nilitia slaidi na sindano mfukoni, nikaenda kwao kwa miguu, nusu nikikimbia. Wifi kalala, midomo imepauka. Homa ilimpanda jana alasiri baada ya kutoka kwangu, hakumwambia mtu. Nikauliza kwa nini. Akasema aseme nini, na mimi nimeshasema hana kitu? Nikamtoboa. Nikarudi maabara na damu yake, na sehemu ya tatu tu niliyoitazama walikuwemo, vimelea wachanga wenye umbo la pete, wengi. Sikuhitaji kuhesabu mia mbili. Nikampigia kaka amlete haraka.

Daktari kaanza dawa. Akafungua faili, akauliza nani alisoma hizi tatu za mwanzo. Kaka alikuwa amesimama pembeni yangu.

"Mimi," nikasema. "Zote tatu."

Kaka alinitazama, kisha akaenda kuketi mwisho wa benchi, mbali nami. Haki yake. Nina aibu na ninaogopa, na sijui kipi kinanibana zaidi.

Wifi walipokuwa wanampandisha kitandani alinishika mkono wa koti. Kwa sauti ya chini, wala si ya hasira:

"Wifi, sasa naruhusiwa kuumwa?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia aliumwa tangu Jumatatu.

Mtoto hajacheza tumboni tangu alfajiri, anasema. Au alicheza, hana hakika, alikuwa na homa. Mlango umeachwa wazi kidogo, namwona mkunga mkuu kainama, sikio kwenye faneli ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto. Kasikiliza upande wa kulia wa tumbo. Sasa kahamia kushoto. Ameinua kidole tunyamaze. Anahamisha tena, chini kidogo —