Hindi Lililotolewa Bila Hodi

Rusimbi, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaka Shabani, wewe unayemsomea, ukifika hapa usiendelee kusoma. Msubiri Mama aitikie, maana namjua, humeza mate kwanza, kisha ndiyo husema marahaba kwa kuivuta. Nimeacha nafasi kwa ajili hiyo.

.......................

Haya, sasa tuendelee.

Mimi mwanao ni mzima, namshukuru Mungu. Shaka yangu ni kwako. Kifua kinaendeleaje tangu mvua zilipoanza? Na vidole, bado vinakaza asubuhi? Utashangaa kwa nini naandika barua zama hizi za simu. Simu nimepiga, Mama. Kila nikipiga anapokea Kaka na kuniambia umelala. Nimepiga asubuhi, umelala. Nimepiga mchana wa jua kali, wakati ambao siku zote uko uani unagombana na kuku, umelala. Nikasema basi niandike, barua itakaa mezani ikusubiri mpaka uamke.

Kazi ni ileile, napika kwenye nyumba ya wageni. Wengi ni wafanyabiashara wanaosubiri boti za kuvuka kwenda Kongo. Wanakula migebuka mpaka wanauliza kama ziwa hili lina samaki mwingine. Mawese nimeyazoea, ingawa najua ukiiona mboga yangu utauliza nani amemwagia kutu. Mwenye nyumba ni mtu wa maneno mengi ila moyo wake hauna neno.

Lakini habari niliyotaka kukupa ni ya mahindi. Mwaka huu yamekubali, soko la Mwanga limejaa mahindi mabichi. Nina jirani anaitwa Mama Fabiola, wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amekulia hapahapa na ana shamba Mwandiga. Analima yale mahindi matamu ya njano, laini, ambayo huwezi kuyasaga yakatoa unga wa maana. Huwa ananiletea kwa ajili ya wageni. Siku ya kwanza alinikuta nimekaa chini nayamenya kama ulivyonifundisha, nachambua ndevu moja moja, akasimama akanitazama kwa huruma.

"Mwana wanje, mwanangu, hayo utamaliza lini?"

Akanionyesha njia yake, nami nakuandikia vizuri kwa sababu ya vidole vyako. Humenyi kitu. Unatoa tu majani ya nje yenye udongo, unayapanga mahindi kwenye sufuria na maganda yake, unatia maji kidogo chini na kufunika, yaive kwa mvuke. Ganda likipoteza ule ukijani wa shambani na harufu ikifika mlangoni, unayatoa na kuyaacha yapoe kiasi cha kushikika. Halafu unakata kitako kwa kisu kikali, juu kidogo ya kikonyo, mpaka uone duara la punje. Unashika upande wa ndevu, unaminya na kutikisa. Hindi linateleza lenyewe, linatoka uchi kwa chini, na ndevu zote zinabaki ndani ya ganda. Hakuna hata unywele mmoja wa kumkwama mtu kwenye meno. Mtu mwenye vidole vibovu anaweza, Mama. Kaka akukatie kitako, wewe utatikisa.

Nilifurahi sana, nikataka nikupigie simu palepale. Umelala.

Kitu kimoja tu sikukipenda. Ganda likishatolewa hindi ndani yake, lenyewe halianguki wala kulegea. Linabaki na umbo lake, tumbo limejaa, mdomo umefumba. Ukiyapanga ukutani kumi na kitu yanakaa kama watu wanaosubiri kuitwa. Mama Fabiola maganda hayo huwapa mbuzi wake, na yeye alinicheka nilipomwambia yananitazama.

Nadhani ni kwa sababu ya hodi yako. Kwetu hindi hulimenyi hivihivi. Nalikumbuka lile jamvi, unanipa hindi nigonge ncha yake kwa ukucha na kusema hodi, nawe unaitikia kwa niaba ya hindi, kwa kisauti chembamba: "Karibu, pita mbele, uani kuna kuku mkali." Ndipo nafungua jani la kwanza kuanzia juu. Sijaona nyumba nyingine Handeni nzima inayobisha hodi kwa hindi. Mama Fabiola nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa, akasema, "Na hili letu je? Tumelitoa kwa mlango wa uani."

Sasa nisikilize, Mama. Juzi baada ya alasiri upepo wa ziwa ulikata ghafla. Milima ya Kongo ilikuwa imepotea, maji na mbingu rangi moja, na hata kunguru wa jirani walikuwa kimya. Wageni walikuwa wametoka. Mimi nilikuwa jikoni natoa mahindi, Mama Fabiola amekaa mlangoni anachagua mawe kwenye maharage. Nikakata kitako, nikaminya, hindi likatoka. Ganda likabaki mkononi mwangu, bado la moto. Sijui kitu gani kilinipata, labda nilikukumbuka tu. Nikaligonga nchani kwa ukucha, tupu vile, nikasema hodi.

Ukaniitikia.

Haikuwa sauti ya kutisha. Ilikuwa sauti yako hii ya siku hizi, yenye kikohozi chini yake, na ilikuwa karibu, kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Ulisema, "Mbona mmenitoa bila hodi?"

Niliogopa, Mama. Sikuogopa sauti, maana sauti yako siwezi kuiogopa. Niliogopa lile neno. Ungekuwa unanigombeza mimi ungesema umenitoa. Tangu nizaliwe hujanisemesha kwa wingi, na jikoni mle aliyeshika hindi nilikuwa peke yangu. Nikasimama na ganda mkononi, mpaka nikasikia Mama Fabiola ameacha kuchagua maharage.

"Umeitika?" akaniuliza. Hakuuliza nimesikia nini.

"Hapana. Nimenyamaza."

"Ego, ndiyo. Vizuri, usiitike."

Kisha akainuka, akaja ukutani, akayachukua maganda yote niliyoyapanga. Akaanza kuyafungua moja baada ya jingine, kutoka juu kwenda chini, jani kwa jani, kama unavyofanya wewe, mpaka hakuna hata moja lililobaki limefumba. Hakuwapelekea mbuzi, aliyachoma kwenye jiko langu. Ndevu zilinuka kama nywele za mtu. Alipomaliza aliniuliza swali moja tu, kama nina wazazi, nami nikamwambia nina mama. Akanitazama, akaaga, akaenda kwake.

Siku hiyohiyo kabla ya magharibi Kaka akapiga simu mwenyewe. Unajua jinsi alivyo, hapigi simu mpaka ng'ombe apotee. Nyuma yake nilisikia wanawake wengi, na mfuniko wa sufuria kubwa ukiburutwa chini. Nikamuuliza kuna shughuli gani hapo. Akasema majirani wamekuja kukujulia hali. Nikasema nipe Mama. Akasema amelala. Halafu akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Mdogo wangu, Mama anaumwa kidogo tu. Ukipata nafasi njoo utusalimie." Mdogo wangu! Mimi ambaye miaka yote kwake ni Mpishi wa Wageni.

Mama, unakumbuka alipofariki mjomba? Binti yake alikuwa Dar. Wewe ndiye uliyekataza asiambiwe kwa simu, ukasema mtu asije akaanguka njiani peke yake. Ulitufundisha wote maneno ya kusema: mzee anaumwa kidogo, akipiga mwambieni amelala, njoo utusalimie. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yako, nakusaidia kuburuta sufuria ya kupikia watu wa msiba, wanaume wakimtoa mjomba mlangoni.

Sina hasira na mtu. Nina hofu tu. Barua hii nampa mama mmoja mgeni wetu anayerudi Korogwe kwa basi kesho alfajiri, ameniahidi atawafikishia mkononi. Mimi nitafuata kwa treni, mwenye nyumba amenipa ruhusa na hakusema maneno mengi safari hii. Mama Fabiola ameniletea mahindi yake kwa ajili yako, machache, ya kuonjesha. Nitakuja nayo na maganda yake. Sitayakata vitako.

Nisalimie mama mdogo na mumewe. Nisalimie wifi yangu, mwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie na mzee wa msikitini anayetuuliza hali kila Ijumaa, na jirani yetu mwenye kisima. Kuku usiwasalimie, wananijua.

Kaka Shabani, sasa naongea na wewe. Pale juu kwenye shikamoo nilikuambia usimame. Ulisimama? Kama Mama ameitikia, na kama hapa kwenye kuku amecheka mpaka akakohoa, basi nisamehe, mimi ni mjinga na ziwa hili limenichezea. Nicheke nikifika, nitafurahi kuchekwa. Lakini kama ulipita pale moja kwa moja, na umeisoma barua hii kimya, umekaa peke yako kwenye kitanda chake, basi usinipigie simu. Umeshanijibu.

Nitafika na kubisha hodi mlango wa mbele, kama alivyonifundisha. Mwenye kuitika aitike kwa sauti yake mwenyewe. Na asiniambie amelala.

Ni mimi mwanao, Mama,
Mwanaidi