Meza ya Bodi na Mlango wa Bweni

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Kengele ya asubuhi nimepiga mwenyewe, maana Abdi, askari wetu, amekwenda Isiolo kwa harusi ya dada yake. Wasichana wamenawa huku wakilalamika. Uji mwepesi. Mpishi wetu Barasa anasema uji mzito ni wa wagonjwa. Sijui alisomea wapi.

Klabu ya lugha alasiri. Kila muhula tunachukua neno moja la Kiingereza na kulifuata mpaka lilikozaliwa. Safari hii wamechagua "board". Nilinuna kidogo. Neno kavu, nilidhani. Nikafungua ile kamusi kubwa ya maktaba, iliyopoteza jalada, nikakaa nayo mpaka chai ikapoa.

Board ni ubao. Hilo kila mtu analijua. Nililokuwa silijui ni kwamba Waingereza wa kale waliita meza hivyo hivyo, kwa sababu meza ilikuwa ubao tu, umelazwa juu ya miguu. Wakila, wakimaliza, wanauegemeza ukutani. Hata ngao ya vita ilikuwa bord. Watu wa mbao, hao.

Alhamisi bodi ya shule inakaa. Ajenda kubwa ni moja: bweni liendelee au lifungwe. Mwalimu wa bweni ni mimi. Ninaogopa. Naandika hivyo nisije nikajidanganya.

Jumanne, 10 Juni

Nieleze mambo yalivyo, angalau hapa. Wakaguzi walikuja muhula uliopita. Madirisha ya bweni yalikuwa na vyuma, na milango yote miwili ilifunguka kwa ndani. Moto ukizuka, watoto watasukumana mlangoni na mlango hautafunguka. Walisema hivyo mbele ya wasichana, bila kupunguza sauti.

Vyuma vimetolewa. Mlango wa mbele umegeuzwa, sasa unafunguka nje. Mlango wa nyuma bado. Fundi alikuja, akapima, akanywa chai, akaenda. Tangu hapo ni fundi wa kesho. Nimewaambia wasichana watumie wa mbele tu.

Bweni likifungwa, wa Kapseret na Yamumbi watatembea tu kwenda kwao. Akiru je? Yuko Form Four. Kwao ni mbali sana, Lokichar, hana jamaa huku hata wa kusingizia. Akirudi huko sasa, mtihani wa mwisho atausikia redioni. Ni msichana mkimya mwenye akili kali. Nampenda kuliko mwalimu anavyoruhusiwa kumpenda mwanafunzi mmoja.

Klabuni tumeendelea. Meza ikawa chakula kilicho mezani. Ndiyo sababu mtu anayelala na kula kwa watu kwa malipo ni boarder, na shule ya bweni ni boarding. Meza hiyo hiyo ikawa pia watu wanaoketi kuizunguka na kuamua mambo. Ndiyo bodi. Akiru akauliza, "Kwani Mwalimu, sisi na bodi tulikuwa meza moja?" Wenzake wakacheka. Bodi haijawahi kukanyaga bwalo letu. Bodi hula staffroom, kwenye kitambaa cha meza.

Jumatano, 11 Juni

Nimepewa mapokezi ya wageni. Hupewa mimi kila mara, kwa kuwa mimi ni mwanamke na sijajifunza kukataa. Kuku, chapati, sukuma, soda. Nimemwambia Barasa kuku wawe tayari mapema, bodi isingoje. Nimemkumbusha mara mbili. Nimechoka na kukumbusha watu.

Neno letu limenichekesha. Kumbe lina ndugu pacha: bord ya ukingo, ubavu wa meli. Huko ndiko on board na overboard zilikotoka. Wafaransa walilichukua, likarudi kwa Waingereza likiwa border. Na border, kama wasemavyo watu, ndiyo iliyotuzalia bodaboda, pale kwetu Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu mpakani. Babu yangu aliendesha moja. Angejua kazi yake ina ukoo na meza ya wazungu, angedai kiti. Bodi ya gari lakini ni jambo jingine, hiyo ni body. Nimewaonya wasichana wasichanganye koo.

Kuna na "above board". Wacheza karata huweka mikono juu ya meza ili kila mtu aione. Nilikuwa naliandika hilo ubaoni Madam Principal alipochungulia dirishani. Akaniita nje. Kesho, akasema, bodi ikiuliza kuhusu bweni, jibu ni kwamba kazi imekwisha. "Karibu kwisha na kwisha ni mtu na dada yake," akasema. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu ni chepesi sana mbele ya wakubwa.

Alhamisi, 12 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Shuleni kwetu kuku wa wageni huchinjwa na Abdi. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni desturi tu: achinje Muislamu, watu wote wale sufuria moja. Mama Halima, mwenye duka la nguo mjini, ni mwanachama wa bodi na hula kwetu bila kuuliza, kwa sababu ya Abdi. Na Abdi yuko Isiolo. Mimi niliyempigia kengele wiki nzima sikukumbuka.

Barasa aliwachinja mwenyewe alfajiri. Nimejua wageni wakiwa tayari wananawa mikono. "Si nilidhani umepata mtu," akaniambia, macho chini. Nilidhani yeye, yeye alidhani mimi. Kuku wa watu wawili hafi kwa njia nzuri.

Nikamkimbilia Madam Principal kwenye korido. Akasema kwa sauti ya chini, "Nabwire, nyamaza. Nani atamwambia? Huyo mama ndiye mgumu zaidi kuhusu bweni. Unataka aanze na hasira?" Kweli. Mama Halima ndiye aliyesema kikao kilichopita kwamba kila shule husema iko sawa mpaka siku isipokuwa sawa.

Nilisimama na taulo mkononi. Nilitaka kunyamaza. Nilitaka sana. Halafu Mama Halima akanyoosha mikono apanguse, akaniuliza mama yangu anaendeleaje na miguu, nikashindwa. Nikamwambia. Abdi hayupo, kuku amechinjwa na Barasa, makosa ni yangu.

Mikono yake bado inadondosha maji. "Ungeninyamazia ningekula."

"Ndiyo, Mama."

Akapangusa mikono polepole, akaenda akaketi mbele ya sahani tupu. Wengine wakapakua. Hakuna aliyekula. Nani atameza paja mgeni mwenzake akiangalia chapati? Mzee Tuwei, mwenyekiti, mfugaji wa Kapseret, mtu anayependa kuku kuliko ajenda, akaweka kijiko chini. "Kwani Mama hakuli?"

"Watoto wanakula nini leo?" Mama Halima akaniuliza mimi.

Githeri, nikasema, mahindi na maharagwe tu.

"Basi nitakula na watoto."

Mzee Tuwei akaangalia kuku kwa huzuni ya kweli. Akainuka. "Twende wote. Hii itangoja."

Hivyo bodi nzima ikaingia bwalo. Kelele zikakatika. Mzee akabanwa katikati ya Form One wawili ambao hawakutafuna tena mpaka alipowauliza kama wanajua kukamua. Mama Halima akaketi kumwelekea Akiru. Akamwuliza kwao wapi. Lokichar. Na bweni likifungwa? Akiru akaweka kijiko chini akasema, "Nitarudi, Mama. Nitasaidia nyumbani." Hakuomba kitu. Ningependa angeomba.

Mama Halima akanigeukia hapo hapo, sahani za bati zimetuzunguka. "Mwalimu, umeniambia ya kuku. Sasa niambie ya bweni. Vile vile."

Madam Principal alinitazama. Akiru pia alinitazama. Nikasema. Madirisha sawa. Mlango wa mbele sawa. Wa nyuma bado unafunguka ndani, na mvua ikinyesha unakwama.

Mzee Tuwei hakupandisha sauti. "Basi limefungwa. Leo. Mpaka huo mlango ugeuzwe. Na sitaki kusikia neno karibu."

Nimeliua bweni kwa mdomo wangu. Kuku wameliwa na walimu wenzangu, bila aibu yoyote.

Ijumaa, 13 Juni

Madam Principal hakujibu salamu yangu. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya msema kweli nayo si ndefu, imeishia mlangoni pa staffroom.

Wasichana wa karibu wamekwenda kwao asubuhi. Akiru alikuwa amefunga sanduku tangu jana. Aliketi juu yake kwenye veranda, anasoma kemia. Nikamwambia pole. Akasema, "Si wewe, Mwalimu." Kisha akageuza ukurasa. Sijuti. Uongo. Najuta tangu jana mchana. Ningesema nusu tu, ningesema mlango unafanyiwa kazi, angekuwa darasani sasa.

Kabla ya saa sita Mama Halima akapiga simu kwa Madam Principal, na Madam, sijui kwa nini, akaweka spika nisikie. Wa mbali wasiondoke, Mama alisema. Bwalo lina milango mipana miwili, yote inafunguka nje, aliiangalia jana akila. Waweke magodoro humo. Ameshaongea na Mzee Tuwei. Halafu akasema, "Huyo mwalimu wa bweni msimbadilishe. Mtu aliyeweza kuniambia ya kuku, huyo ataniambia pia siku ya moshi."

Madam akakata simu. Tukatazamana. "Ukalete magodoro," akasema. Kwa mtu aliyeninunia tangu jana, yalikuwa maneno mengi.

Akiru alibeba sanduku lake kurudi ndani bila kuuliza kitu. Mimi nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kidogo. Nimelia kwa furaha, na kwa hofu pia. Bado ni mlango mmoja tu na fundi wa kesho.

Jumapili, 15 Juni

Abdi amerudi. Amesikia habari yote kabla ya kushusha begi. Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliniambia tu kwamba angepigiwa simu, angenitajia mtu wa kuchinja hapo Kapseret, dakika chache kwa pikipiki. Sikuwahi kufikiria hivyo. Nilimwona Abdi kama kisu, si kama mtu mwenye simu.

Wa mbali wamelala bwalo usiku wa tatu leo. Wanasema kunanukia maharagwe.

Tumemaliza neno letu, wachache tuliobaki, kwenye zile meza. Wameuliza maana ipi ndiyo ya kweli: ubao, meza, chakula, wakubwa, au ubavu wa meli. Nikasema zote, neno ni kama boma, watoto huongezeka na hakuna anayefukuzwa. Wameridhika. Mimi sijui kama nimeridhika. Nilikuwa nasikiliza mvua nikifikiria mlango.

Jumanne, 17 Juni

Mzee Tuwei alikuja jana mwenyewe na trekta, mbao za cypress nyuma na fundi wake juu ya mbao. Hakunywa chai mpaka kazi ilipokwisha. Fremu yote imetolewa, mpya imewekwa, bawaba zimehamia nje. Alinifanya nisukume kwa kidole. Kisha akamwita Madam Principal naye asukume kwa kidole. Madam akasukuma, akacheka, na nadhani tumepatana.

Leo wasichana wamerudi bweni. Wa karibu pia wamerudi, na vitafunio vya nyumbani wanavyodhani sivioni. Kabla ya prep, masomo ya jioni, nimepita kukagua vitanda. Cha Akiru ni cha mwisho, ubavuni mwa mlango wa nyuma. Viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa sawasawa. Nikamsifu kwa usafi. Nikamwambia sikumbuki kuviona hapo siku nyingine.

"Havikuwa hapo," akasema. "Nilikuwa nalala navyo miguuni."

Nikamwuliza tangu lini. Tangu wale wakaguzi waseme. Alifunga kamba kabisa, asije akazitafuta gizani. Nikauliza kama ni yeye peke yake. Akawatazama wenzake. Wengine wakainamisha vichwa. Mmoja akasema, "Ni wengi tu, Mwalimu."

Tangu muhula uliopita. Nami kila jioni nilisimama hapo mlangoni, nikawatakia usiku mwema, nikazima taa.