Wino wa Kiwandani

Mjukuu wangu Aline,

Hapa Mbugangari tuko salama. Mguu wa bibi yako umepona, jana alikwenda mwenyewe sokoni Mahoko.

Unauliza jinsi ya kufuta yale maandishi ya kiwandani kwenye bomba la chuma kabla ya kulipaka rangi. Lowesha kitambaa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, pangusa, geuza kitambaa, rudia. Usianze na msasa, utausambaza wino.

Lakini barua yako imenitia wasiwasi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, muuzaji mmoja alituletea mabomba ya kubebea paa la kanisa kule Bugeshi, yote safi, hayana hata herufi. Fundi mwenzangu Faustin akafurahi: "Bon, kazi imepungua!" Mimi nikajiuliza, tangu lini muuzaji akasugua chuma?

"Muzee, ilikuwa na vumbi tu," muuzaji akasema, macho barabarani.

Nikaweka bomba moja gotini, likapinda kama bua. Maandishi aliyoyafuta ndiyo yangetuonyesha wembamba wake.

Sasa wewe unasema linalokusumbua ni bomba moja tu, yale mengine ya paa la darasa uliyanunua yakiwa safi.

Aline, nani aliyasafisha?

Babu yako, nasubiri jibu kabla hujapandisha hata moja.