Chati Uliyoipiga Lamineti

Baba watoto,

Nimetoka, sikutaka kukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Yale mabango ya duka la dawa uliyoyapitisha kwenye mashine ya lamineti yameshapoa, yakate kingo, ila plastiki ibaki upana wa kidole kuzunguka karatasi, maji yasiingie.

Chati ya urefu wa watoto uliyoipiga lamineti jana ili idumu, ~~ibandue~~ usiiguse. Ukibandua plastiki, karatasi itatoka nayo, pamoja na alama zote za wakubwa. Kazi yenyewe safi, siwezi kukunyima sifa. Haina kiputo hata kimoja.

Ila leo ni siku ya kuzaliwa ya kitinda mimba wetu, na siku hiyo ndiyo tunapima. Kaamka mapema, kasimama wima, visigino vimegusa ukuta. Penseli ikateleza. Nikajaribu kalamu ya wino, ikafutika kwa kidole. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi nimemaliza kukua?"

Sijanuna. Nimemwambia bado, nikamchorea alama yake ukutani, pembeni ya chati.

Hapo napo usije ukapapiga plastiki.

Mama yao