Wanataka Nikane Nilichoandika Kuhusu Mkufunzi Wetu

Shangazi Euphrasia, shikamoo. Nakuomba unisome hadi mwisho ndipo unigombeze, maana najua utanigombeza, na mimi nimejiandaa, ila kuna karatasi hapa mezani ambayo natakiwa niirudishe ofisini na saini Ijumaa ya wiki ijayo, na kila nikishika kalamu naiweka tena chini.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, kwetu ni Kishapu, nasoma utabibu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Kahama. Darasani tuko mia moja na arobaini. Mkufunzi wetu wa somo la mama na mtoto nitamwita Deusdedit, si jina lake, na Shangazi, huyu baba hafundishi, anasoma, anawasha projekta, anatugeuzia mgongo, anasoma slaidi neno kwa neno mpaka nukta, slaidi zenyewe zina nembo ya chuo kingine na mwaka 2011, na ukinyoosha mkono kuuliza anakujibu, "Hayo mtayakuta wodini," basi saa mbili zinaisha, tunatoka tumenakili kila kitu na hatujui kitu. Kwenye kabati la chumba cha mazoezi kuna mdoli wa kujifunzia kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua, mpaka leo uko ndani ya nailoni yake, tunauchungulia kupitia kioo, na funguo anakaa nazo yeye akisema tutauharibu.

Mwezi wa pili tulipelekwa mafunzo kwa vitendo, mimi na mwenzangu Masele tukapangiwa kituo cha afya upande wa Buseresere. Siku ya nne, saa nne asubuhi, mama mmoja anaitwa Hosiana, mume wake ni mchimbaji kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya huko, akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Mkunga, Sista Agnetha, alikuwa anahangaika na mama maana damu zilikuwa nyingi, akaniambia bila hata kugeuka, "Daktari, mtoto huyo wako, anza." Shangazi, hatua zile nazijua, ukiniamsha usingizini nakutajia, mtihani wake nilipata tisini na moja, nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikachukua ambu, ule mfuko wa mpira wa kumpulizia hewa, nikaweka barakoa yake usoni, nikabonyeza, hewa ikatokea pembeni, nikabonyeza tena, kifua kimya, sikujua shingo ikae vipi, sikujua nibane kwa nguvu kiasi gani, maana hakuna slaidi inayokushika mkono. Sista Agnetha akamwita Masele asugue tumbo la mama, akanisukuma pembeni kwa kiuno, akamnyoosha mtoto kichwa kidogo tu, akabana barakoa kwa vidole viwili, akapuliza, mara ya tano au ya sita kifua kikapanda, na mtoto akalia.

Baadaye akaniuliza, "Chuoni hawakuwafundisha?"

"Walitufundisha."

"Walikufundisha nini?"

Na siku Hosiana anaruhusiwa alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Asante, daktari," nami nikaitikia, Shangazi, nikaitikia, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Tuliporudi, chuo kikagawa fomu za tathmini ya ufundishaji, juu kabisa zimeandikwa USIANDIKE JINA, unampa mkufunzi alama kuanzia moja hadi tano. Kiongozi wetu wa darasa, Enock, akatangaza, "Jazeni tano tupu twende tukale, hizo hazisomwi." Na darasa zima, walewale wanaomsema bwenini kila siku, wakajaza tano. Mimi nikaweka moja, nikageuza karatasi nyuma nikaeleza yote, ya Buseresere, ya mdoli, ya slaidi, na mwisho kwa hasira nikaongeza kwamba mkufunzi huyu akibadilishwa na redio hatutaona tofauti, ila redio walau inazimika.

Kumbe zinasomwa. Buseresere tulikwenda wawili tu, na Masele alipoitwa akasema yeye alijaza tano. Ofisi ya taaluma wakanikabidhi barua iliyokwisha kuchapwa, inasema niliyoandika ni ya uongo na nilisukumwa na chuki, nisaini, nikikataa nakwenda kamati ya nidhamu. Mkufunzi Deusdedit alikuwepo, akaniambia, "Binti, mimi nimeanza kufundisha wewe bado unachunga mbuzi." Nikamjibu, "Mbuzi nilionyeshwa namna ya kuwachunga, mkufunzi," nikatoka.

Mama analia kwenye simu, "Ng'wana wane, saini tu, mwanangu, umalize shule." Enock anasema nitaliponza darasa. Mimi sioni nilipokosea, na sitaki kusaini, lakini naogopa kufukuzwa. Niambie nifanye nini.

Niliyeweka Moja, Kahama

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya hiyo Ijumaa, kwa hiyo tusizungushane.

Usisaini. Karatasi inayosema mtoto wa Hosiana alilia kwa kazi ya mikono yako ingekuwa uongo, na hii nayo ni uongo wa aina hiyohiyo. Siku utakapokuwa tabibu peke yako zamu nzima, utaandika kwenye faili la mgonjwa ulichokiona na ulichokifanya, na wenzako watamtibu kwa kuamini maandishi yako. Ukizoea leo kutia saini usichokiamini, tabia hiyo utaingia nayo wodini.

Sasa nikugombeze, maana ulijiandaa. Ile ya redio ilikuwa ya nini? Ulikuwa na ushahidi mzito, wa mtoto mchanga na mdoli uliofungiwa, halafu ukawapa mzaha wa kushikilia. Mimi nimefundisha shule ya msingi kule Mhunze miaka ishirini na sita. Kuna miaka niliandika ubaoni nikiwa nimechoka, nikawapa watoto mgongo wangu kipindi kizima, na laiti mmoja wao angeniambia. Lakini angeniambia kwa matusi, ningesikia matusi tu. Na lile jibu la mbuzi, nakiri nimecheka peke yangu jikoni, ila usilirudie mbele ya kamati.

La pili ni zito zaidi. Tangu ulie nyuma ya hilo tangi, umeshika ambu mara ngapi? Barua yako ndefu haisemi. Umeeleza nani hakukufundisha, sawa, lakini sasa unajua kwamba hujui, na kuanzia hapo mzigo umegawanyika. Mkufunzi ana wa kwake, wewe una wa kwako. Jumamosi hii panda basi uende Buseresere, umwombe mganga mfawidhi wa kituo ruhusa, kisha umwambie Sista Agnetha, "Nimekuja unionyeshe shingo inakaaje." Atakuonyesha. Wakunga wa namna hiyo hawana kinyongo na mtu anayerudi.

Kuhusu barua, andika ya kwako, kwa mkono wako, ukurasa mmoja usizidi. Omba radhi kwa maneno ya redio, moja kwa moja, bila "lakini". Chini yake sema kwamba mengine yote ni kweli na unayasimamia, taja tarehe, taja kituo, kisha omba jambo moja tu: chumba cha mazoezi kifunguliwe kila wiki, mkufunzi awepo, na ule mdoli utolewe kwenye nailoni. Toa nakala, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Karatasi yao iambatanishe kama walivyokupa, pasipo saini. Kisha nenda kwa serikali ya wanafunzi, uwaombe mtu wa kukusindikiza, na huyo mtu awaulize wakubwa swali moja kwa heshima: kama fomu ilikataza jina, kwa nini jina limetafutwa?

Enock mwambie hivi kutoka kwangu: darasa liliponzwa siku lilipojaza tano. Masele mwache, aliogopa. Aliona alichokiona, na iko siku atakiona tena. Mama yako usimpigie kumweleza habari za kamati, atazidi kulia. Msimulie kilichotokea kwa Hosiana, polepole, kama ulivyonisimulia mimi, ila kwa Kisukuma, halafu umuulize angependa mjukuu wake apokelewe na tabibu wa namna gani.

Wanaweza kukusimamisha. Siwezi kukudanganya kwamba hawawezi. Wakifanya hivyo, niandikie siku hiyohiyo, tutajua pa kwenda, kwa sababu juu ya kila chuo kuna ofisi nyingine, na mimi nina muda, kalamu na ukaidi wa mstaafu.

Ijumaa piga pasi koti lako jeupe. Fika ofisi ya taaluma kabla yao. Waamkie wote, na Mkufunzi Deusdedit umwamkie wa kwanza, uwasomee barua yako, kisha uwasikilize. Wakimaliza, rudi darasani, kaa mstari wa mbele kabisa, na ukiwa na swali, nyoosha mkono usiushushe mpaka ujibiwe.